Kamba za Meli Ukingoni mwa Kreta

Ngorongoro

Kwako Dada Felisia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku, ambayo nitaieleza. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mara ya mwisho ulisema sauti yangu inakuja kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, na habari hii sitaki uisikie nusu.

Uliniuliza kama nimethibitishwa kazini. Nitakujibu, lakini lazima nianze na meli.

Unajua mimi ni karani wa stoo kwenye ofisi yetu ya Karatu mjini, na loji yenyewe iko juu, ukingoni mwa kreta. Muda wangu wa majaribio ulikuwa ukingojea neno la Madam tu, yaani meneja wetu. Mwenye loji ni mzee Mzungu aliyeishi huku miaka mingi; siku hizi yuko kwao na huja mara moja moja. Alipokuwa kijana alichonga mfano wa meli ya vita ya zamani, ile iliyokwenda kwa matanga, yenye milingoti mitatu na madirisha madogo ya mizinga ubavuni. Ina urefu kama wa mkono wangu ulionyooshwa. Ilikuwa stoo, kamba zake zimeoza na nyingine zimeliwa na mende. Ukaja ujumbe kwamba mzee anakuja kututembelea, na anataka kuiona meli ukumbini kule juu ikiwa na kamba zote. Kitu kisicho na mwenyewe hapa huwa cha karani wa stoo. Nikapewa meli pamoja na mchoro wake.

Dada, sijawahi kupanda hata mtumbwi. Nilitazama ule mchoro mpaka macho yakauma. Kuna kamba nene zinazoshikilia milingoti kutoka ubavuni, zimeunganishwa kwa vidato kama ngazi ili mabaharia wapande. Kuna nyembamba za kuinua foromali, ile miti ya kulala inayobeba tanga, na kila moja inapita kwenye kapi, kigurudumu kidogo kama punje ya mtama. Mzee alikataza nailoni kwa sababu inang'aa. Alitaka uzi wa pamba, kama alivyofanya yeye. Nikanunua uzi kwa fundi cherehani pale sokoni, nikausokota mwenyewe, nikaazima na kibano chake. Nilifunga moja kulia, moja kushoto, maana ukimaliza upande mmoja kwanza mlingoti unalala.

Dereva wetu, Tluway, mwenyeji wa Buger, alikuwa akija kunikejeli kila aliposubiri mzigo.

"Karani, meli ya vita hapa Karatu? Tunapigana na nani, majirani wa Mbulu?"

"Niache, Tluway, nahesabu vidato."

"Hesabu vizuri. Wakija Wambulu utapanda wa kwanza."

Nilizikaza zote, Dada. Hapa kulegea ni aibu. Madam hupita vyumbani akibonyeza mashuka kwa kiganja, na shuka likikunjika kitanda kinatandikwa upya. Kwa hiyo nilikaza mpaka Tluway alipogusa kamba moja kwa ukucha ikalia, akaniuliza kama nimetengeneza meli au zeze. Madam aliitazama akasema, "Safi." Siku ile nililala vizuri.

Tuliipandisha juu kwa gari, mimi nimeipakata njia nzima. Nikaambiwa nibaki loji mpaka mzee aje na kuondoka, ili likitokea la kutokea niwepo. Tukaiweka ukumbini, karibu na ile milango mikubwa ya vioo inayotazama bondeni. Asubuhi yake askari wa lango, Loserian, Mmasai wa Malambo, alinijia jikoni nikiwa na kikombe cha chai.

"Karani, njoo uone. Mti wako umeinama kama mzee anayetafuta fimbo."

Nilikwenda. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, maana milango hufunguliwa mapema kwa ajili ya wageni wanaoshuka kretani. Kamba zilikuwa zimekaza kuliko nilivyoziacha. Mlingoti wa mbele ulikuwa umepinda, na foromali yake moja imevunjika katikati. Loserian alizitazama kamba.

"Kamba zote hizi," akasema, "na ng'ombe hata mmoja hayupo."

Sikucheka. Nilifikiri kwanza kwamba nimeigonga mlangoni nikiingia nayo. Nikafikiri pia namna ya kurudi nyumbani Rombo na begi langu, na nitakavyojibu watu wakiniuliza. Kisha nikagusa uzi, nikaukuta una unyevu, na nikakumbuka ile kamba ya katani ya kuanikia nguo uani kwetu, jinsi mvua ikinyesha inavyojivuta mpaka ikang'oa nguzo, na wewe ukawa unatukumbusha kuilegeza kila mawingu yakitanda. Karatu ni kukavu. Nilikaza uzi wa pamba kwenye vumbi, nikauleta kwenye ukungu, ukajivuta wenyewe. Nimetoka mlimani na bado nilisahau.

Nilichonga foromali nyingine kwa kijiti cha mzeituni wa mwituni, nikanyoosha mlingoti kidogo kidogo, kisha nikafungua vifundo vyote na kuvifunga upya nikiacha nafasi. Kazi hiyo ilichukua siku nzima na nyingine. Ukungu ukiwepo kamba zilinyooka sawasawa. Jua likitoka zililegea, na meli ikaonekana kama imeanikwa.

Madam alifika siku ya mzee kuwasili, mchana, jua likiwaka. Alisimama mbele ya meli mikono kiunoni.

"Hizi ni kamba au tambi?"

Wahudumu waliokuwa wakipanga meza wakacheka.

"Madam, nikizikaza sasa, kesho asubuhi mlingoti utavunjika."

"Nani kakwambia?"

"Kamba ya nguo ya nyumbani kwetu, Madam."

Wakacheka tena, na nadhani hicho ndicho kilichomkasirisha. Akasema taratibu, "Kijana, mimi ndiye ninayesaini karatasi yako ya kazi. Mzee yuko njiani kutoka uwanja wa ndege. Kaza."

Nilichukua kibano, nikakishika, nikakirudisha mezani.

"Naomba nisikaze, Madam."

Aliondoka, na wahudumu wakaacha kucheka. Hata leo sijui vizuri kwa nini nilisema hivyo. Si ujasiri. Niliogopa kumwona yule mzee amesimama mbele ya mlingoti uliovunjika kuliko nilivyomwogopa Madam. Ndivyo ninavyoweza kulieleza.

Mzee alifika akitembelea fimbo. Madam alimwomba radhi kabla hajaketi, akasema karani ni mgeni wa kazi. Mzee aliinamia meli, akaangalia kamba zilizolegea, akanitazama mimi. Akasema kwa Kiswahili chake kizuri, "Tutaiona asubuhi." Akaenda kupumzika.

Asubuhi nilimkuta ameshatangulia, amevaa koti zito, ukungu umejaa ukumbini. Kamba zilikuwa zimenyooka kama kwenye mchoro, za ngazi na za foromali, na milingoti yote mitatu imesimama. Alipitisha kidole juu ya kamba moja bila kuibonyeza.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Rombo. Juu, karibu na msitu."

"Huko kuna ukungu?"

"Upo, mzee."

Akaguna, akaomba chai.

Baadaye Madam aliniita ofisini. Alikuwa ameshasaini. Akanisukumia karatasi, akasema, "Umethibitishwa. Lakini usinikatalie tena mbele ya wahudumu. Njoo unieleze pembeni." Nikasema, "Ndiyo, Madam." Akaendelea kusema kwamba sirudi Karatu. Mzee ameagiza nikae huku juu, niangalie meli na stoo ya loji pamoja, na kwamba wageni ni wengi mwisho wa mwaka, hivyo anayeanza kazi huku hapewi likizo ya Krismasi.

Kwa hiyo nina kazi, Dada, na sitakuja. Najua kwetu asiyepanda mlima Desemba kurudi nyumbani huulizwa kama amekufa au amefungwa. Sema halijanipata lolote kati ya hayo.

Nisalimie shemeji Aloyce, fundi wa pikipiki. Mwaka huu yeye ndiye atakayeshika miguu ya mbuzi wa Krismasi akichinjwa. Nisalimie Shangazi Apolonia wa kwaya, na Babu Kessy anayechunga migomba ya kihamba chetu cha chini. Watoto wote uwapapase vichwa kwa niaba yangu.

Mama msalimie mwisho, akiwa ameshakula. Habari ya Krismasi umwambie wewe. Nilianza kumwandikia barua yake, nikashindwa.

Mdogo wako akupendaye,
Pantaleo