Kichujio cha Redio ya Muthara

Muthara,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Ruguru,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako Gedion. Natumai wewe, Mama na Tabby hamjambo hapo Runyenjes, na kwamba goti la Mama limepunguza maumivu. Mimi mwili ni mzima. Huku tumevuna maharagwe, si haba.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Tangu tumzike mumeo Mutugi nimekupigia mara nyingi nikiwa na neno mdomoni, lakini nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za ng'ombe. Mwanamume mzima! Karatasi angalau hailii.

Juzi Mama aliniambia kwamba ripoti ya ajali imetoka, na imesema kosa ni la rubani: Mutugi aliteremka ndani ya wingu akiwa nje ya mstari wa kutua uwanjani, akagonga kilima. Akasema Tabby amekataa shule kwa sababu wenzake wanamwambia babake hakujua kazi, na wewe umeacha kwenda kanisani kwa kuchoka minong'ono kwamba alikuwa amelewa. Mutugi alewe! Mtu ambaye hata siku ya harusi yenu alikunywa uji!

Sasa tafadhali, usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka Mama alivyolalamika kwamba mwanawe anatangaza redioni na yeye hamsikii, hadi majirani wakamwuliza kama kweli nina kazi. Redio yetu ya kanisa ni ndogo, haifiki kwenu. Maneno hayo yaliniuma sana. Kwenye mtambo wetu kuna kichujio, kisanduku cha chuma kinachozuia mawimbi yetu yasimwagikie masafa ya wengine. Sisi tuko mwisho kabisa wa FM, na anayetufuata ni ile ishara ya uwanja wa ndege inayomwonyesha rubani mstari wa kutua asipoona chini. Hilo nililijua, nilifundishwa. Lakini kichujio hula nguvu kidogo, na mimi niliitaka nguvu yote. Asubuhi ya Siku ya Kina Mama, mwaka jana, nilikitoa, nikapandisha mtambo hadi mwisho, nikamsalimia Mama kwa Kiembu.

Ulinipigia ukicheka, ukasema Mama amenisikia na ameipeleka redio uani ili majirani wasikie. Nilifurahi hadi nikaimba. Saa hiyohiyo Mutugi alikuwa juu ya wingu, peke yake, akija kuchukua miraa katika uwanja wa huku chini, akiifuata ishara niliyokuwa nimeiharibu.

Niliposikia kuna ndege imeanguka, nilikirudisha kichujio mbio. Wakaguzi walikuja kesho yake na vipimo vyao, wakakuta redio yetu haina doa. Waliniuliza kama kuna kitu kilichoguswa. Nikasema hapana. Na wakati huo, Ruguru, nilikuwa nimeshajua kwamba ni Mutugi.

Wuui, dada yangu! Jeneza lake nililibeba kwa mikono hiihii. Ulinishika bega pale kaburini ukanishukuru kwa kusimama nawe, nami nikazipokea shukrani hizo.

Jana nilimweleza Mchungaji Kobia. Alilia, kisha akasema tutaenda pamoja. Kesho asubuhi naandikisha taarifa polisi, na ripoti ile lazima ifunguliwe upya. Nikifungwa, nifungwe. Maji yamemwagika, na kusema sasa hakumrudishi mumeo, lakini jina lake safi si langu kulificha.

Mwambie Tabby babake aliijua kazi yake. Alifuata njia aliyoonyeshwa, na aliyeipotosha ni mjomba wake. Mama naye mwambie niliharibu mtambo, basi. Kwamba ilikuwa kwa ajili ya kumsalimia, nakusihi asijue kamwe.

Salamu kwa majirani wote siwezi kutuma safari hii. Wape barua hii waisome, ila kurasa zinazotaja salamu za Mama uzibakishe.

Ni mimi, nduguyo kama bado utakubali niitwe hivyo,
Gedion