Pistoni ya Tatu ya Kanga

Fundi Yona,

Shikamoo. Na mbukwa ya Kigogo pia, maana shikamoo peke yake ulikuwa unaiitikia kwa shingo upande, ukidai imeletwa Dodoma na watu wa pwani kama babu zangu.

Ni mimi, Mwanaidi wako. Tangu tukuzike mvua imenyesha na kukatika, na gereji iko palepale Nkuhungu. Kiti chako nakikalia mimi. Mwanzoni nilikuwa nakaa juu ya tairi kwa heshima, lakini mgongo ulinishinda. Wateja wapya hawajui kilikuwa cha nani na siwaambii, kwa sababu nitalia, halafu watasema mwanamke injini zimemshinda.

Miezi minane sikukuandikia kwa sababu ya Kanga, lile gari lako. Nilikuwa naogopa, Fundi. Sasa nakwambia.

Unakumbuka nilivyocheka uliposema gari lile litafungwa turbo ya kuipulizia injini hewa? Gari dogo la milango miwili, limenizidi umri, lina madoa ya rangi ya chini kila palipoliwa na kutu. Ndiyo maana tuliliita Kanga, kama yule ndege. Kila mtu alikushauri uitupe injini yake ndogo, uweke ya kisasa iliyotoka Japani na turbo yake ya kiwandani. Sudi, jirani yetu wa gereji ya pili, alikuwa ameshakutafutia moja. Ukakataa. Ulisema bloku ya Kanga ni chuma kinene, na shafti imeshikwa sehemu tano, haiendi popote. Kisha ukaniwekea pistoni kiganjani, ukapitisha ukucha pale pembamba, kati ya ringi ya kwanza na kichwa.

"Ikifa itafia hapa," ulisema. "Kwa hiyo tusiipe sababu."

Mimi nikabisha, mdomo wangu unaujua. Nikasema pistoni za zamani hazikutengenezwa kwa turbo. Ukaniuliza Dodoma iko juu au chini. Nikasema juu. Ukasema hewa ya huku ni nyepesi, gari hili lilipigwa hesabu kwa hewa ya pwani, basi sisi hatuliongezei kitu, tunalirudishia pumzi ambayo liliiacha njiani likipanda. Nililala nikiiwaza hiyo.

Ukaweka gasketi nene ili silinda isibane hewa sana. Moto wa plagi ukauchelewesha kidogo. Na ile skrubu inayoamua turbo ipulize kiasi gani ukaifunga pale pa chini kabisa, ukaipaka rangi nyekundu, ili mtu akiigusa ijulikane. Hivyo ndivyo ulivyofanya kazi zako zote, kila ulichokaza kilikuwa na alama yake. Kisha ukaenda nalo Mpwapwa na Mama Eliza, ukarudi na gunia la karanga, ukakaa ndani ya gari likiunguruma taratibu hadi turbo ipoe ndipo ukazima. Mama Eliza alishashuka zamani. Alisema mume wake ameanza kuongea na dashibodi. Mwaka mzima Kanga alienda hivyo, bila injini kugonga hata mara moja.

Kisha ukaugua, ukalazwa.

Wiki ya pili ya kulazwa kwako Sudi alikuja kuazima jeki, akaona Kanga, akasema turbo ile ni pambo, gari lake la kawaida litaliacha nyuma. Ilikuwa mzaha tu. Lakini mimi nilikuwa na hasira ya wiki mbili, ya madaktari na ya kukuona umekonda, na sikuwa na pa kuipeleka. Nikaikwangua ile rangi nyekundu. Nikakaza skrubu mizunguko miwili, turbo ipulize zaidi. Tukaenda barabara ya Msalato, saa saba mchana, jua la kuchoma lami.

Na nilimwacha, Fundi. Nilimwacha Sudi mbali. Huo ndio ukweli mwingine, kwamba nilifurahi. Halafu nikasikia mlio ule ulionifundisha, changarawe kwenye kopo. Ulisema ukiusikia toa mguu hapo hapo, usimalizie hata sentensi. Mimi sikutoa. Nilitaka Sudi aendelee kuwa mdogo kwenye kioo. Moshi ulipotoka ndipo nikatoa.

Tulilivuta Kanga kwa kamba hadi gereji. Sudi alipoondoka nililegeza skrubu, nikairudisha ulipoiweka wewe. Halafu nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu ileile, nikaipaka. Nilikuwa na akili timamu nilipofanya hivyo. Nilingoja hadi ikauka.

Ulifariki siku sita baadaye.

Kwenye matanga wakakusifu, na ulistahili. Lakini Sudi akasema, bila ubaya, kwamba bingwa wetu alijidanganya kwenye kitu kimoja tu, ile turbo. Akasema aliangalia skrubu mwenyewe, alama iko palepale, kwa hiyo hesabu ilikosewa tangu mwanzo. Mafundi wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikawamiminia chai, mmoja mmoja, nikanyamaza.

Maneno yale yakatembea. Mtu akija na gari la zamani anaambiwa aachane nalo, hata Fundi Yona lilimshinda. Mama Eliza akayasikia kanisani. Mwezi uliopita akaniita akasema Kanga apelekwe kwenye vyuma chakavu, hataki kuliona, limemwachia mume wake aibu ya mwisho. Lori lingekuja Alhamisi.

Jumatano nikafungua injini. Pistoni ya tatu imevunjika palepale ulipopitisha ukucha, kana kwamba ulichora. Lakini zile tatu nyingine, Fundi, nilizisafisha kwa petroli nikazigeuza juani. Hazina ufa. Mwaka mzima kwa kipimo chako, na hazina hata mkwaruzo wa kutisha. Nikakaa chini kwenye oili nikalia kwa sauti. Ulikuwa sahihi, na mtu pekee aliyejua alikuwa mimi.

Nikazifunga zote nne kwenye kitambaa, nikaenda kwa Mama Eliza. Nilimweleza yote, hadi rangi ya kucha. Alizishika moja moja. Aliniuliza kama ulijua. Nikasema hukujua. Akazifunga tena kwenye kitambaa, nikadhani atanifukuza. Kisha akasema, "Wale uliowamiminia chai, waite."

Niliwaita. Nikawaonyesha skrubu, nikaipaka asetoni ya kufutia kucha, rangi ikayeyuka mbele yao. Rangi yako isingeyeyuka upesi vile. Sudi alichukua ile pistoni iliyovunjika akaitazama, akaenda zake. Kesho yake mteja wa Kongwa alikuja kuchukua injini yake, haijamalizika. Alisema fundi anayeficha alama hawezi kumwachia gari. Sikumlaumu. Ana haki.

Lori lilirudi tupu. Mama Eliza amesema Kanga abaki. Naweka pistoni za kawaida, aina ileile, ingawa kuna za kufuliwa kama jembe, zilizo imara zaidi. Nikiweka hizo watasema ni pistoni zilizosaidia. Nataka iwe hesabu yako.

Kimebaki kitu kimoja, nacho sikumwambia hata Mama Eliza.

Siku ya mwisho nilipokuja wodini ulikuwa huwezi kuinua kichwa. Ulinishika mkono ukanusa oili kwenye vidole vyangu, ukatabasamu. Ukauliza, "Kanga hajambo?" Nami nikajibu, "Hajambo, Fundi. Anakusubiri." Ukafumba macho umeridhika. Ndilo neno langu la mwisho kwako, na lilikuwa uongo.

Basi nakujibu upya. Kanga alikuwa amevunjika, Fundi. Nilimvunja mimi, kwa mkono ulioufundisha wewe. Nisamehe kama unaweza.

Nakuahidi hivi: mtu yeyote akiniuliza hali ya gari lake, awe mzima au yuko kitandani, nitamwambia lilivyo.

Kwaheri, baba yangu wa kazi.

Mwanaidi