Udi wa Usaili wa Thuraya

Zuwena shoga yangu, usipige simu, hapa hapaongeleki.

Kesho mjukuu wangu Thuraya ana usaili wa ualimu, ule wa Kiingereza cha sekondari. Mama yake, Khulud, akasema mwanawe haendi mbele za watu hanukii. Akawasha chetezo cha udi, akalichukua baibui lililokunjwa kitandani, akalitandaza juu ya tenga la kufukizia kama siku ya harusi. Hakulikung'uta!

Shoga, vyeti vilikuwa ndani. Thuraya kavikunjia humo asivisahau. Faili la plastiki likateleza, likaangukia makaa.

Khulud kaliopoa kwa mkono mtupu. Cheti cha chuo kimebaki nusu. Nusu, Zuwena!

"Si jina linasomeka, mwanangu? Watakupokea."

"Mama, bila cheti kizima huvuki mlango."

Khulud kakaa sakafuni, vidole vimetoka malengelenge, anarudia lile lile: "Nilitaka unukie. Nilitaka unukie tu."

Thuraya hakulia. Kalitundika baibui, kafungua kitabu, kaendelea kusoma Kiingereza chake kwa sauti. Mpaka sasa anasoma, na hakuna kati yetu mwenye moyo wa kumwambia aache.