Msomaji Wangu Amekwenda Keroka

Jumapili, 4 Agosti 1996

Machogu hakuja. Umati umejaa uwanja wa sokoni, Waadventista wa Nyanchwa wamekaa safu ya mbele na Biblia zao zenye zipu, mimi nimeshika maikrofoni — na msomaji sina! Mhadhiri bila msomaji ni ng'ombe bila mkia. Nzi wote ni wake. Tangu amalize sekondari mwanangu huyu husimama kushoto kwangu. Nasema "Soma!" anasoma. Nasema "Hapo hapo!" anakatiza. "Rudia!" anarudia, na watu wanacheka kabla sijatoa hoja. Leo nimesoma mwenyewe, miwani ikiteleza kwa jasho. Nikatafuta Kumbukumbu la Torati, nikaangukia Waamuzi. Mchungaji mmoja akaniuliza kwa upole kama nisaidiwe. Kwa upole! Heri angenitukana.

Baadaye Onyancha, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, akanivuta kando. Amemwona Machogu huko Keroka, nyumbani kwa Ombui. Ameketi mkekani, anamsomea.

Anamsomea!

Jumatatu, 5 Agosti

Niandike wazi, nisije nikajidanganya. Huyu Ombui nilimsilimisha mimi. Alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha chai, mtu mnyamavu, kikohozi chake kikubwa kuliko sauti yake. Sasa anasema anasemeshwa. Kwamba Mungu humwita kwa jina lake, yu macho. Kwamba yeye ni nabii — si wa kitabu kipya, la, wala si wa sheria mpya. Nabii mdogo tu, kivuli cha Mtume Muhammad, kama mwezi unavyoazima nuru ya jua. Nabii mdogo! Kana kwamba unabii unauzwa kwa vichane kama ndizi.

Nimeulizia habari zake kutwa nzima. Sadaka hachukui. Wake za watu hawagusi. Halewi, haponyi, hatabiri mvua. Swala tano anaswali, Ramadhani anafunga. Laiti angekuwa mwizi! Mwizi ningemmaliza Jumapili moja, nikanywa na chai kabla ya Alasiri.

Nina jambo moja tu dhidi yake, na jambo hilo ndilo paa la nyumba nzima: baada ya Muhammad, rehema na amani zimshukie, hakuna. Wenzangu hawaelewi kwa nini nawaka. Mtu akisema swala ni nne, nitamfungulia Kitabu, atarudi. Akisema kuna nabii mwingine, nitamfungulia nini? Kila nitakachofungua, atasema yeye amepokea kipya zaidi jana jioni. Neno lisilo na mwisho halina hukumu. Kila Keroka itajipatia Makka yake.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefika Sironga, anakoishi Machogu. Machogu nimemkuta kwenye banda la kupimia majani chai, yuko foleni na wachumaji, kikapu mgongoni. Akaniamkia kwa adabu, "Bwakire, Tata," akanitandikia gunia nikalie. Nikalikataa gunia.

"Umeritadi?" nikamwuliza. Mbele ya watu wote.

"Baba, naswali kama ulivyonifundisha."

"Nabii wa mwisho ni nani?"

"Muhammad. Mwenye sheria, hakuna baada yake."

"Mwenye sheria! Hilo neno nani kakuongezea?"

Akaweka kikapu chini. Hakupandisha sauti. Akasema ni mimi. Kwamba kila Jumapili nilimsomesha jinsi Mayahudi walivyofunga mlango baada ya Musa, nikawacheka. Wakristo wakaufunga baada ya Yesu, nikawacheka zaidi. Kwamba nilisema anayemwambia Mungu "basi, inatosha" ni mpumbavu. "Nilikuwa nasoma, Baba. Lakini nilikuwa nasikia pia."

Mama mmoja mchumaji akatupa neno kwa Ekegusii, kwamba mtoto wa mganga ndiye ajuaye dawa zinapofichwa. Foleni nzima ikacheka.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tele! Wale walijifungia mlango wenyewe, bila aya, kwa kiburi. Huu umefungwa na Mwenye nyumba, kwa tamko Lake, na akapiga muhuri. Aliyejifungia ni mkaidi. Anayevunja kufuli la Mwenye nyumba ni nani? Lakini karani alikuwa anaita majina, na Machogu amekwisha beba kikapu chake. Jibu zuri kuliko yote ya mwaka huu nimeliambia mgongo wake.

Jumamosi, 10 Agosti

Drusilla karudi kutoka kanisani Nyanchwa na kanga yake ya Sabato. Mke wangu hakusilimu. Mimi husema sheria inaniruhusu. Yeye husema yeye ndiye aliyeniruhusu.

"Baba Machogu," akaanza, hata kikapu hajakiweka, "nabii wetu wa Amerika umemtukana kwenye spika mpaka mbwa wa Nyanchwa wanamjua. Ulisema mwanamke wa juzi hawezi kuwa nabii. Haya, wako ni wa jana."

"Si wangu!"

"Ni wa mwanao. Na mwanao alimpata kwa kusoma vitabu vyako. Sisi huku tulimpa nyimbo tu."

Nikamwambia hajui anachokisema. Akasema kweli, hajui, yeye anajua kitu kimoja: Mokeira, mkaza mwanetu, mimba yake imefika mwezi wa tisa, na mzee akimtupa mwana, mjukuu naye atamtupa wapi?

Nikavuta sahani. Ugali ulikuwa umepoa.

Ijumaa, 16 Agosti

Kamati imekaa baada ya swala. Vijana watano wa msikiti wamemfuata Machogu Keroka, wenye akili kuliko wote, ndio waliokuwa wanajua kuuliza. Waliobaki wanataka kwenda huko na mawe. Nimesema hapana. Ulimi ulioanza vita ndio utakaovimaliza. Jumapili tunawaita Ombui na watu wake uwanjani, mhadhara wa wazi. Wakitubu, Alhamdulillahi. Wasipotubu, Ijumaa inayofuata mmoja wetu atasimama baada ya swala atangaze: Machogu si mwenzetu. Hasalimiwi. Hazikwi na sisi. Mkewe si mkewe tena.

"Mmoja wetu ni nani?" nikauliza.

"Wewe, Ustadhi," akasema Onyancha. "Akisema mwingine, itaitwa fitina. Akisema baba, ni dini. Ukinyamaza, watasema Ustadhi Nyangau huwachinja watoto wa wenzake tu."

Nikakubali. Wakanisifu, wakanifananisha na Nabii Ibrahim. Ibrahim aliletewa kondoo. Sikuona aliyekuja na kondoo.

Jumamosi, 17 Agosti

Kwa Mukesh, dukani, kukodi spika. Nikaagiza maikrofoni mbili.

"Mbili? Ustadhi, wewe na kijana yako siku zote moja tu, mnapeana."

"Kesho kila mtu na yake."

Akaacha kukunja waya. Akasema biashara yake imekuwa nzuri lakini nyumba yangu imekuwa mbaya, na kwamba baba yake mzazi hakusema naye mpaka alipokufa, kwa sababu ya mambo ya mungu pia. Nikamwambia mambo ya miungu yake na haya hayalingani. "Ndiyo, ndiyo," akasema. Akanipa waya mrefu zaidi.

Jumapili, 18 Agosti

Watu kama siku ya gulio! Juu ya mapaa ya vibanda, juu ya malori. Waadventista wamekuja wote, furaha yao haifichiki: leo Waislamu wanararuana.

Msomaji wangu mpya ni mwalimu wa madrasa. Anasoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Ombui kakaa kitini na blanketi mabegani. Machogu kasimama kushoto kwake. Kushoto!

Nikaanza na hadithi ya tofali. Mitume ni nyumba nzuri iliyokamilika, imebaki nafasi ya tofali moja pembeni. Tofali hilo ndilo Muhammad. Kisii nzima inajua kuchoma matofali, mfano uliwaingia. Nikauliza: la Ombui litawekwa wapi, juu ya bati?

Wakacheka mpaka yeye mwenyewe akatabasamu. Akakohoa, akasema hakuleta tofali. Nyumba imekamilika, naye ni mkazi wake, ameitwa kutoka chumba cha ndani akaitika. Je, nyumba ikikamilika, mwenye nyumba anakuwa bubu?

Uwanja ukatulia. Nilihisi utulivu ule, nimeuishi, najua maana yake: hoja imewaingia. Nikasema anayesema na waja Wake ni Mungu wa rehema, kwa ndoto njema, kwa dua, kwa Kitabu. Hajawa bubu! Lakini yeyote anayesema "nimeitwa nabii" anamdai kila mtu amwamini, na asiyemwamini amepotea. Hiyo si sauti ya chumba cha ndani, hiyo ni amri ya barabarani. Nikanguruma: Suratul Ahzab, aya ya arobaini — soma!

Mwalimu akafungua kurasa. Akafungua. Na maikrofoni ya pili ikasoma. Machogu. Kwa kichwa, bila kitabu, kwa sauti ile ile, na pumziko pale pale nilipomfundisha: kwamba Muhammad si baba wa yeyote katika wanaume wenu, bali ni Mtume wa Mungu na muhuri wa manabii. Nadhani hakukusudia. Ameitikia ile "soma" yangu kama mtu anavyoitikia jina lake.

Watu wakaangua kicheko. Sijui walimcheka nani.

Mimi nilikuwa nimewaka. Nikawaambia wasikie aya inavyoanza! Kwa ubaba! Wana wa Mtume walichukuliwa wachanga wote, hata Ibrahim mdogo, ili asije mtu akasema unabii umerithiwa. Mungu alimnyima mwana ili dini isiwe shamba la kugawana! Na nikaongeza, spika zote za Mukesh zikilia: heri kukosa mwana kuliko kuzaa mvunja muhuri!

Takbira. Uwanja mzima. Hata Waadventista wawili watatu walipiga makofi.

Machogu akaweka maikrofoni chini taratibu, kama kitu cha mtu. Ombui hakujibu hoja. Alisema tu, "Mzee, huyu anakuombea kila alfajiri." Nikamfunika kwa maneno. Nilisema saa nzima baada ya hapo. Hawakutubu. Lakini nimeshinda, kila mtu anasema nimeshinda, Onyancha amenishika mkono kwa mikono miwili.

Mukesh alikuwa anakunja waya zake. "Ustadhi, umeshinda," akasema. "Pole."

Jumatatu, 19 Agosti

Sauti imekwisha kabisa. Nimemwashiria Drusilla maji ya chumvi nisukutue. Akaleta. Akarudi jikoni. Nyumba ya mabubu wawili, mmoja kwa hiari.

Alhamisi, 22 Agosti

Niko Sironga. Naandika nimekaa juu ya gogo, uani kwa Machogu.

Mokeira kajifungua alfajiri. Mtoto wa kiume. Drusilla yuko huku tangu jana, ndiye aliyenitumia habari. Nimekuja njia nzima nikijiambia namfuata mke wangu.

Machogu akatoka. Macho mekundu, kwa kukesha au kwa kulia, sikuuliza.

"Baba, mtoto hajaadhiniwa sikioni."

Nikanong'ona, maana sauti ndiyo hiyo: "Mwadhinie. Si una nabii?"

"Adhana ni ile ile. Hakuna neno tulilolibadilisha."

"Mmebadilisha moyo."

"Basi mwadhinie wewe, ambaye moyo wako haujabadilika. Mimi nitangoja."

Nimewahi kuwajibu maaskofu. Nikakaa hapa juu ya gogo, nikafungua daftari hili.

Hoja ya kukubali ipo: kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, na kosa la baba yake halimo masikioni mwake. Nimeifundisha mwenyewe. Ya kukataa ipo pia: nikimwadhinia leo, kesho nitasimamaje msikitini niseme ndoa iliyomzaa imekatika? Onyancha atauliza, na atakuwa na haki. Ile ya kwanza inanipendeza mno. Ndiyo maana siiamini.

Halafu kuna la aibu zaidi, ambalo si hoja kabisa. Drusilla hamtoi mtoto nje. Kitovu hakijadondoka, na wanawake wa huku hawamvushi mtoto kizingiti kabla ya hapo, hata nyumba iungue. Nami siwezi kuingia. Mgusii haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa — chinsoni, ile haya ya baba na mwana tuliyonyonya na maziwa — sembuse mkaza mwana akiwa kitandani. Mara ngapi nimekamata maikrofoni nikapiga kelele kwamba mila za wazee si dini! Hakuna aya inayonizuia. Hakuna hadithi, hakuna mwanachuoni. Nimezipekua zote kichwani nikiwa hapa juu ya gogo. Miguu tu ndiyo inayokataa.

"Adhinia hapo hapo ulipo!" Drusilla ameita kutoka ndani. "Si Jumapili ulisikika mpaka Nyamira?"

Anajua sauti haipo. Ikitoka inafia kwenye meno. Lazima iwe sikioni.

Kesho ni Ijumaa. Nitasimama. Muhammad ni wa mwisho, hilo silipunguzi hata kwa mjukuu, wallahi silipunguzi, na mwanangu amepotea na nitasema amepotea. Nitasema. Lakini huyu ndani ana saa chache duniani na hakuna aliyemwambia bado kuwa Mungu ni mkubwa.

Analia. Sauti kubwa kwa kitu kidogo namna hiyo — wa ukoo wangu huyo! Machogu kaufungua mlango wote, kachuchumaa pembeni, hanitazami usoni, ananitazama miguu. Drusilla amefika kizingitini, upande wake wa ndani. Amemgeuza mtoto. Sikio la kulia liko huku.

Nimevua kiatu kimoja.