Nani Amekaa Kwenye Ngoma Zangu?

Duluth, 6 Februari 1993

Mpendwa Curtis,

Hujambo mdogo wangu? Hapa theluji imefika dirishani na mgongo wa Mama umeanza visa vyake, lakini tunakula, tunacheka. Nimekufungia mikate yake ya lefse. Usiwagawie wale watu wa kampuni ya rekodi.

Sasa niambie. Sisi kundi la Ajax Lake tumerekodi albamu mbili, wewe ukiimba na mimi nikipiga ngoma, na zote mbili nilibaki studio hadi siku ya mwisho. Hii ya tatu nimepiga siku nne tu, mkanipandisha basi: "Dada, nenda kapumzike, imebaki sauti tu." Nani aliwaomba mapumziko? Nikipiga simu, mtayarishaji wenu yuko msalani. Kila nikipiga! Ana tumbo gani huyo? Curtis, nani amekaa kwenye ngoma zangu?

Dada yako,
Lorna

Chicago, 17 Februari

Dada Lorna,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi mzima, kikohozi kimepungua. Lefse ziliisha siku ileile, na ndiyo, niliwagawia, nisamehe.

Hakuna mtu aliyekaa kwenye ngoma zako. Naapa kwa kaburi la Baba. Wasiwasi wako tu, dada. Nakutumia kaseti ya nyimbo mbili, sikiliza mwenyewe.

Mdogo wako,
Curtis

Duluth, 25 Februari

Curtis,

Mama hajambo, anakusalimu. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Kaseti nimeisikiliza mara tisa. Huyo si mimi! Tangu tukiwa gereji kwa Baba, nikikaribia kiitikio nakimbia, nawe unanifuata huku unalalamika. Huyu hakimbii. Anatembea kama mtu anayekwenda benki. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Umeapa uongo kwa kaburi la Baba! Kama mmenitoa kundini, nataka kulisikia kwako wewe. Nitajie jina lake.

Dada yako,
Lorna

Chicago, 29 Machi

Dada yangu,

Natumai mko wazima. Mwezi mzima naandika na kuchana.

Sikuapa uongo. Kila pigo kwenye kaseti ni lako. Kampuni walisema unakimbia mno, wakataka kumleta mpigaji wao kutoka Los Angeles. Nikagombana nao, nikasema tutazinyoosha ngoma zako. Basi tukawa tunakata utepe uliorekodiwa kwa wembe, vipande vidogo kama ukucha, tunaviunganisha upya ili mapigo yasikimbie. Siku kumi na moja. Mtayarishaji alichoka siku ya pili. Siku zilizobaki nimekata mwenyewe. Nilikuwa nakulinda, dada. Hata jina lako lipo kwenye jalada. Njoo, ziara inaanza Mei.

Mdogo wako,
Curtis

Duluth, 2 Aprili

Curtis,

Mngemleta huyo wa Los Angeles, ningemchukia yeye, nikakununia wewe kidogo, yakaisha. Sasa nimchukie nani? Siku kumi na moja umeshika wembe, na simu iko hapo ukutani, hukuniuliza. Ungesema, "Dada, punguza mwendo," ningerudia mpaka viganja vitoke damu. Jana nimejaribu kupiga kama kwenye kaseti. Siwezi. Nimelia, na sikufichi.

Wa kwenda ziara mtafuteni. Na kama jalada halijachapwa, kwenye ngoma futa jina langu. Andika lako.

Lorna