Alama za Sakafu ya Mwalimu Wahu

Mutuini, Dagoretti
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa Kavata,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote. Natumaini goti la mama limetulia tangu mpate ile dawa ya kupaka, na kwamba mbaazi zimesalimika mwaka huu. Mimi ni mzima, ila mgongo, na habari za mgongo wangu umeshazichoka. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukiipokea unaweka sauti kubwa, boma zima linasikiliza, hata majirani wanajibu. Haya si ya boma zima. Nthiwa anakuja huko Ijumaa, nitampa bahasha mkononi.

Uliniuliza kuhusu lile tangazo la gundi ya vigae mnalolisikia redioni, kwamba mbona jina langu halimo kati ya mafundi wao na niko humu humu Nairobi kwenye mijengo. Ukauliza pia mbona Were hatumi salamu tena. Maswali ni mawili lakini jibu ni moja.

Tangazo linafanya kazi hivi. Linapopigwa saa saba, tukiwa tunakula mjengoni, yule mwanamke wa redio anataja namba. Unaipiga, ikilia mara moja unakata, kisha mashine yao inakupigia kwa gharama yao. Mwenye nyumba anabonyeza mahali alipo, Uthiru au Waithaka, anatumiwa jina la duka la karibu lenye hiyo gundi, pamoja na namba ya fundi. Kazi ikiisha mashine inampigia tena, atoe alama kuanzia moja mpaka tano. Fundi wa alama nyingi hutajwa kwanza. Akipata moja anaondolewa.

Siku ya kwanza tulipiga pamoja, mimi na Were, kila mtu na simu yake. Unamkumbuka, yule Mluhya niliyekuja naye Krismasi akamaliza sufuria nzima ya muthokoi na mama akafurahi. Sote tulikuwa mikono ya fundi Kibe: tunabeba, tunachanganya, tunashika. Mashine ikasema bonyeza moja kama wewe ni fundi, mbili kama ni msaidizi. Dada, mjengoni mtu hajiiti fundi. Unangoja mpaka fundi wako akukabidhi mwiko wake mbele ya wenzako, hata kama ni miaka saba. Kibe hakuwa amemkabidhi yeyote kati yetu, kwa hivyo nikabonyeza mbili. Were akabonyeza moja, akacheka, akaniambia, "Kitavi, hii mashine haimjui Kibe."

Mimi nilipata ujumbe wa kunishukuru kwa kusikiliza redio. Were aliitwa ofisini kwao mjini, nyuma ya barabara ya Tom Mboya, akafundishwa siku mbili na kupewa aproni ya kijani yenye jina lake. Nilimsindikiza. Nilimngojea chini kwenye ngazi kwa sababu askari wa mlangoni alisema wasaidizi hawamo kwenye orodha.

Tangu hapo simu yake haikunyamaza. Akanichukua niwe mkono wake, na sitamsingizia, hakunipunja hata siku moja. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha kuchanganya gundi isishike mapema kwenye ndoo. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kukata kigae cha kona. Sasa alikuwa akiinua simu na kusema, "Ndiyo mama, kesho nakuja na mkono wangu," nami nimesimama hapo hapo na ndoo. Ilinichoma. Ilifika mahali akijikata kidole nilikuwa nafurahi kidogo, halafu namtafutia kitambaa.

Kazi ya mwisho tuliyofanya ilikuwa Uthiru, kwa mama mmoja mzee anayeitwa Mwalimu Wahu, aliyestaafu ualimu. Were alimtandikia vigae vya sebule kwa siku nne. Ungeweka gololi katikati ya ile sakafu ingekaa.

Baada ya hapo simu yake ikanyamaza. Wiki moja, mbili. Alipoipiga ile namba, mashine ilimwambia jina lake halimo, mteja wa mwisho amempa alama moja. Were aliona aibu kurudi kwa Mwalimu kuuliza. Akaniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyechanganya gundi, ni kigae kipi kilichokuwa na uwazi chini. Nikamwambia labda kile cha karibu na mlango.

Akarudi kwa Kibe kubeba mchanga. Kibe akampokea mbele ya watu wote: "Fundi wa redio! Karibu kwenye ndoo, injinia!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Were akawa na tabia ya kutembea na sarafu. Popote penye vigae, hospitali, hata kanisani, anainama anagonga, anasikiliza kama kuna uwazi. Mke wake Peres akaja kwangu kuniomba niongee naye, kwa kuwa mimi ni rafiki yake, maana haongei na mtu nyumbani.

Dada, sasa nakuambia. Siku ile tulipomaliza, Were alituma ujumbe kwamba kazi imeisha, akatoka nje kuosha vyombo. Mashine haikukawia kumpigia Mwalimu. Miwani yake ilikuwa chumbani. Akanipa simu akisema, "Nibonyezee tano, baba, na kama kuna sita, bonyeza sita." Nikabonyeza moja. Akaniuliza kama imeingia, nikamwambia imeingia, akanipa chai.

Jumatano hii iliyopita nilienda kwa Mwalimu nikamwambia. Alisema amesahihisha vitabu miaka thelathini na sita na hajawahi kumwonea mtoto hata mmoja, na mimi nimetumia mkono wake kumwonea mtu mzima. Kesho Jumatatu mimi na Mwalimu tunakwenda mjini, pale ofisini, nikaseme kwa mdomo wangu. Kama watamrudisha Were sijui.

Alhamisi nilimwambia Were. Tulikuwa Waithaka, juu ya mchanga, kabla ya kazi. Nilingoja anipige. Aliniuliza tu kwamba Mwalimu alisema ngapi. Nikamwambia tano. Akaniambia nirudie. Nikarudia, tano, na kwamba alitaka hata sita. Akakaa chini akashika kichwa, akalia kwa sauti, akisema, "Kumbe kilishika. Kile cha mlangoni kilishika." Kisha akainuka akaenda upande mwingine wa mjengo, na tangu hapo hajanisemesha. Simlaumu.

Jambo la mwisho ni hili, nalo ndilo linalonitisha zaidi. Nilipomwona analia kwa furaha ya ile tano, wivu ulinigusa tena, pale pale. Hakuna aliyewahi kunipa mimi alama yoyote. Niombee, dada.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na umsomee sehemu ya goti na mbaazi peke yake. Wasalimie watoto, na shemeji. Mungu awatunze.

Ni mimi ndugu yako,
Kitavi