Kikombe cha Bata

Jumapili, 5 Mei
Kaka amekubali kuja Jumamosi tukikaribisha ndugu kwenye nyumba mpya! Miezi saba hajagusa pombe. Miezi mitano hatujakaa meza moja. Kosa ni langu – mara ya mwisho wageni wote niliwapa bilauri za kioo, yeye nikampa juisi kwenye kikombe cha plastiki cha watoto, chenye picha ya bata. Wala sikuwaza! Shemeji zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kaka naye alicheka, akaaga mapema. Kesho yake fundi umeme mwenzake akanipigia: kaka yako jana kasimama nje ya baa saa nzima. Hakuingia. Lakini saa nzima!

Jumatatu, 6 Mei
Baba watoto anasema mwekee soda, yaishe. Yaishe nini? Nataka kinywaji cha mtu mzima. Kikali kidogo, cha kunywa polepole huku unapiga soga.
Nimenunua bilauri kumi na mbili, zote sawa. Kile kikombe nimekitafuta nikitupe. Hakionekani.

Jumatano, 8 Mei
Nimepata! Nanasi na maganda yake, tangawizi ya kutosha, karafuu, sukari. Nimeloweka kwenye dumu, nikafunga kifuniko kisawasawa, nikaliweka karibu na jiko likolee. Siku nzima nashona mapazia ya watu huku najipongeza.

Ijumaa, 10 Mei
Balaa. Nafungua dumu – pwaa! Povu mpaka usoni. Nikaonja kijiko. Nikaonja cha pili, kuhakikisha. Jirani nesi alinusa tu, akakaa chini kwa kicheko: mama, hii si pombe hii?
Mimi! Kaka yangu wa damu nimempikia pombe!
Nimemwaga yote, nimesugua sinki, nimefungua madirisha. Baba watoto alitazama sinki kwa huzuni kubwa. Nimeanza upya: nimechemsha, nimechuja, moja kwa moja kwenye friji.

Jumamosi, 11 Mei
Saa kumi. Wageni wamejaa. Bia na tangawizi yangu rangi moja, bilauri zile zile, huwezi kujua nani anakunywa nini. Shemeji mkubwa kaomba ya pili – ya tangawizi!
Kaka hajafika.

Saa kumi na moja. Simu hapokei. Bilauri yake iko hapa jikoni, kipande cha limau kimeanza kusinyaa. Naogopa.

Amekuja! Shati limepigwa pasi. Akasimama mlangoni, akasema sebule nzima isikie: "Mdogo wangu, leo nimekuja na kikombe changu." Akakitoa mfukoni. Bata! Kumbe aliondoka nacho siku ile. Hakuna aliyecheka, hata shemeji. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamnyooshea bilauri tu. Akainusa muda mrefu, kama anayepima waya una moto au hauna. Akaniuliza kwa sauti ndogo: una uhakika? Nikamwambia ukweli wote – ya kwanza ilikuwa pombe, nimeimwaga, hii nimeichemsha mwenyewe. Akanitazama. Kisha akaangua kile kicheko chake cha zamani, nikakimbilia huku kufuta machozi.
Namwona kupitia mlango. Kaketi katikati ya shemeji zangu, bilauri mkono huu, bata mkono ule. Bado hajanywa. Anaita: we mdogo wangu, toka huko jikoni, njoo na yako tuonje pamoja –